Babu aliongoza wageni kwenye banda la Ford: karatasi zake tutazipata wapi?

"Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Michigan, Marekani. Babu yake mume wangu alifariki zamani, na sasa bibi naye ametutoka, ndiyo tunasafisha nyumba yao. Tumekuta boksi la vitu vya babu. Familia inasimulia kwamba alikuwa mwongoza wageni kwenye banda la Ford katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1933, na baadaye kwenye jengo hilohilo lilipohamishiwa Dearborn. Ndani ya boksi kuna albamu yenye kurasa nyeusi, na chini ya picha ya kwanza ameandika kwa wino mweupe 'Ford, Chicago, 1933'. Kuna beji ya chuma, vijitabu vya maonyesho, karatasi mbili nyembamba zilizopigwa taipu zenye majina ya watu na saa, na mkebe wa filamu unaonuka siki. Nimetafuta jina lake mtandaoni sikupata kitu, nikaanza kuwa na wasiwasi kama habari yenyewe ni ya kweli. Shemeji anasema tuiandikie kampuni, watatupa faili lake lote. Wifi anataka tuuze picha za magari. Mimi nataka wanangu wabaki na historia sahihi ya mzee huyu. Nianzie wapi, na boksi tulipeleke hifadhini au tubaki nalo?"

Dada, poleni kwa msiba wa bibi. Historia nitaifikia, lakini nianze na mkebe wa filamu kwa sababu huo hausubiri.

Harufu ya siki ni dalili ya filamu ya asetati inayooza. Plastiki yake inapovunjikavunjika hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo ikifungiwa ndani ya mkebe huharakisha kuoza kwa sehemu iliyobaki, kisha huanza kushambulia picha na karatasi zilizo jirani. Kwa hiyo leo hii utoe mkebe kwenye boksi, uuweke peke yake mahali pakavu, pa baridi na penye hewa. Usiukunjue mkanda wote, wala usikubali mtu auonyeshe kwa projekta ya zamani; mkanda uliosinyaa hukatika kwenye meno ya mashine. Fungua mkebe, pima upana wa mkanda kwa rula, na usome ukingoni. Ukiwa wa milimita 16, karibu kwa hakika ni asetati, na fundi wa maabara ya filamu anaweza kuunakili kidijitali kabla haujaharibika kabisa. Ukiwa wa milimita 35 na ukingoni huoni neno SAFETY, uchukulie kuwa ni nitrati mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Nitrati iliendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huwaka haraka sana, na maji hayauzimi moto wake kirahisi kwa kuwa hujitengenezea oksijeni yake yenyewe. Hiyo usiitume kwa posta na usiiache kwenye gari lililoanikwa juani. Piga simu zimamoto wa mji wenu au hifadhi ya filamu, uulize waipokeeje. Hapa ushauri wa maandishi kama huu wangu hautoshi, anatakiwa mtu aione filamu kwa macho yake.

Sasa babu. Nimekusoma kwamba unaogopa mambo mawili yaliyofungamana: kwamba habari ya familia huenda si ya kweli, na kwamba hakuna mahali palipoandikwa. Nianze na la kwanza, maana maandishi ya albamu yenyewe yana tatizo la kweli.

Ford haikuwa na banda Chicago mwaka 1933. Maonyesho yale, yaliyoitwa Century of Progress, yalikuwa na misimu miwili: Mei 27 hadi Novemba 12, 1933, kisha Mei 26 hadi Oktoba 31, 1934. Msimu wa kwanza waliotamba ni General Motors, waliojenga ndani ya banda lao laini nzima ya kuunganisha magari ya Chevrolet, wageni wakisimama juu na kutazama gari likikamilika. Jambo hilo halikuwa jipya kwa Ford. Mwaka 1915, kwenye maonyesho ya San Francisco, Ford ndio walioweka laini ya kuunganisha Model T mbele ya umati, na magari zaidi ya 4,000 yaliundwa humo. Lakini mwaka 1933 Henry Ford alikaa nje ya Chicago, akaandaa maonyesho yake mwenyewe Detroit na baadaye New York. Chicago aliingia msimu wa pili, akaingia kwa kishindo: jengo lililochorwa na ofisi ya msanifu Albert Kahn, katikati yake ukumbi wa duara wenye umbo la gia, ndani yake mpangilio wa mbunifu Walter Dorwin Teague. Nje kulikuwa na njia ya kuendeshea magari yenye vipande vilivyoiga barabara za sehemu mbalimbali za dunia, kulikuwa na ghala la kukamulia maharage ya soya, na okestra ya Detroit ilikuwa ikipiga muziki kwa wageni bustanini.

Basi babu alikosea? Pengine mwaka tu. Maelezo ya albamu mara nyingi huandikwa miaka mingi baada ya picha kupigwa, na maonyesho yenyewe watu wameyazoea kwa jina la mwaka 1933. Inawezekana pia alikwenda mwaka 1933 kama mgeni wa kawaida, akarudi mwaka 1934 akiwa mfanyakazi, na albamu imechanganya safari zote mbili. Au picha ile ni ya yale maonyesho ya Ford ya Detroit. Haya yote unaweza kuyachunguza hapo mezani kwenu kwa kioo cha kukuzia.

Tafuta kwenye picha gari la Ford lililoonekana ubavu. Matundu ya hewa ubavuni mwa boneti kwenye Ford ya 1933 yamepinda kidogo, ya 1934 yamenyooka. Pia kwenye boneti ya 1933 kila upande una mkono mmoja wa kufungulia, ya 1934 ina miwili. Ukikuta gari la 1934, picha haiwezi kuwa ya msimu wa kwanza, kwani magari hayo yalizinduliwa wakati maonyesho yameshafungwa. Ukikuta la 1933, hujathibitisha lolote, maana mtu aliweza kuja mwaka 1934 na gari la mwaka uliotangulia. Pleti namba nazo ni shahidi mzuri: za Michigan na Illinois wakati ule zilikuwa na mwaka juu yake. Kisha tazama jengo lililo nyuma ya watu. Banda la General Motors, ambalo nalo lilichorwa na Kahn, lilikuwa na mnara mrefu uliosimama juu ya paa. La Ford utalitambua kwa duara lenye meno ya gia. Nimeona picha za mabanda haya mawili zikiuzwa kwa majina yaliyobadilishana, kwa hiyo usimwamini muuzaji wala maelezo ya mtandaoni kabla ya kutazama mwenyewe.

Sehemu ya pili ya simulizi, kwamba alifuata jengo Dearborn, inakaa vizuri na historia. Ukumbi wa gia ulibomolewa vipande, ukahamishiwa karibu na kiwanda cha Ford kiitwacho Rouge, ukavishwa mawe ya chokaa na kufunguliwa Mei 1936 kama mahali pa kupokelea wageni wa kampuni. Watu waliuita Rotunda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulifungwa kwa umma, ukafunguliwa tena mwaka 1953 ukiwa na paa la kuba lililobuniwa na Buckminster Fuller. Ukiambiwa bado upo, si kweli. Novemba 9, 1962 mafundi walikuwa wakiziba paa lisivuje, moto ukashika, na muda si mrefu ukumbi wote ukaanguka. Hifadhi ya nyaraka za kampuni ilikuwa ndani ya bawa moja la jengo hilohilo, nalo ndilo bawa ambalo wazimamoto walifanikiwa kuliokoa. Miaka miwili baadaye, 1964, kampuni ilikabidhi nyaraka hizo kwa jumba la makumbusho lililoanzishwa na Henry Ford mjini humohumo. Leo zinasomwa kwenye Benson Ford Research Center, ndani ya makumbusho yanayoitwa The Henry Ford. Kutoka Michigan mlipo, hamko mbali nazo hata kidogo.

Hapo ndipo hoja ya shemeji inapohitaji kurekebishwa. Makumbusho hayo ni taasisi inayojitegemea, si idara ya kampuni. Kampuni ya Ford ina hifadhi yake nyingine, na tangu mwaka 2022 imeweka mtandaoni maelfu ya picha na vijitabu vya magari vya kuanzia 1903 hadi 2003. Ni hazina kwa mtu anayetaka kujua modeli fulani ilikuwa na rangi gani, lakini wewe unamtafuta mtu. Na "faili lake lote" ni matumaini ambayo ningependa uyapunguze mapema. Kumbukumbu za ajira za mfanyakazi wa kawaida ni karatasi ambazo makampuni mengi hayakuzihifadhi milele, na zilizobaki hufungwa kwa sababu za faragha. Hifadhi za makampuni hulimbikiza zaidi maamuzi: nani aliidhinisha fedha, nani alichora, nani alimwandikia nani. Kijana aliyesimama mlangoni akiwaelekeza watu ukumbi wa pili huonekana kwenye karatasi hizo kwa bahati tu.

Ndiyo maana pia mtandao ulikunyamazia, na ukimya ule usikutie shaka. Nieleze hifadhi inavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hili utajitafutia mwenyewe bila kunihitaji.

Chukua banda la kampuni kwenye viwanja vya Sabasaba, Dar es Salaam. Kampuni inaamua na kulipa, TanTrade inakodisha eneo na kuweka masharti, mchoraji na fundi wanajenga, kampuni ya matangazo inaandika mabango. Maonyesho yakiisha, kila mmoja anaondoka na karatasi zake. Mabanda ya Chicago yalikuwa hivyohivyo, ila makubwa zaidi. Banda moja lina wazazi kadhaa, na ukitaka kulijua vizuri inabidi ubishe hodi nyumba zao zote. Karatasi za Ford ziko Dearborn. Karatasi za shirika lililoendesha Century of Progress, pamoja na mikataba na barua zake kwa wenye mabanda, ziko Chuo Kikuu cha Illinois pale Chicago. Za Teague ziko Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Za ofisi ya Kahn ziko Bentley Historical Library, Ann Arbor. Na N. W. Ayer, wakala aliyeshika matangazo ya Ford miaka ile, karatasi zake ziko Washington, kwenye makumbusho ya historia ya Marekani ya Smithsonian. Wanaofikiri kwamba ile ofisi ya kimataifa ya maonyesho iliyoko Paris ina kila kitu huwa wanapoteza miezi. Hiyo inasimamia mikataba baina ya nchi na nchi. Haikuwa kazi yake kuweka orodha ya waliovaa sare ya Ford.

Ukishajua nyumba, ujue na mpangilio wa ndani. Wahifadhi hawapangi karatasi kwa mada wala kwa majina ya watu. Kila kundi hubaki pamoja na ofisi iliyolizaa, kwa mpangilio ambao ofisi yenyewe ilikuwa ikiutumia, kwa sababu barua ikitolewa katikati ya majirani zake hupoteza nusu ya maana yake. Dearborn kila kundi lilipewa namba lilipopokelewa. Namba 1 ni karatasi zilizotoka Fair Lane, nyumba ya Henry Ford. Namba 65 ni mahojiano ya miaka ya 1950 na watu wapatao 300 waliomjua Ford au kumfanyia kazi, yaliyosimamiwa na Owen Bombard. Namba 833 ni picha za kampuni. Namba hazikuambii mada, ila ukiitaja kwenye barua mhifadhi anajua mara moja unazungumzia rafu ipi.

Mwongozo wa kila kundi huishia kwenye kichwa cha folda. Humo utasoma kitu kama "Maonyesho ya Chicago, barua, 1934", basi. Ndani ya folda kunaweza kuwa na karatasi mia yenye majina mia, na hakuna hata moja litakaloonekana kwenye mashine ya kutafutia. Zilizopigwa skani ni sehemu ndogo sana ya zilizomo. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "jina la babu liko wapi?" bali "ofisi gani ilikuwa na sababu ya kuliandika jina la babu?" Ukiligeuza hivyo, njia zinafunguka. Ofisi iliyopanga zamu iliandika jina lake. Mpiga picha wa kampuni huenda aliandika majina ya waliosimama mstari wa mbele. Mhariri wa Ford News, jarida la kampuni, huenda alichapisha picha ya waongoza wageni wakati wa msimu. Na Fred Black, aliyesimamia maonyesho ya Ford miaka ile, ni mmoja wa waliohojiwa katika lile kundi la 65. Mahojiano yake yatakupa sauti ya mtu aliyesimamia maonyesho walikofanya kazi vijana kama babu, hata asipomtaja.

Sasa nirudi kwenye boksi lako, kwenye kitu ulichokitaja katikati kama vile si kitu: karatasi mbili nyembamba zenye majina na saa. Kama ni ninachokifikiria, ni kopi za kaboni za ratiba ya zamu. Dada, hizo ndizo zenye thamani kuliko vyote ulivyonavyo. Picha za banda la Ford la 1934 zipo kwa wingi. Kampuni ilizipiga, magazeti yalizipiga, wageni walizipiga. Vijitabu viligawiwa kwa maelfu. Lakini ratiba ya wiki hubandikwa ukutani, wiki ikiisha hutupwa. Karatasi hizo huenda ni mahali pekee ambapo majina ya wale vijana yamekaa pamoja, na sehemu walizosimama, na saa walizobadilishana. Familia nyingine zinazouliza swali hilihili lako zinaweza kuwa na mtu wao kwenye orodha hiyo.

Zishike kwa mikono mikavu, mezani pasipo chai. Karatasi ya kopi ya kaboni ya wakati ule ni dhaifu na huvunjika kwenye mkunjo, kwa hiyo kama zimekunjwa zifungue taratibu na uziache zikae bapa chini ya kitu chepesi. Pini au klipu yenye kutu iondoe ikitoka yenyewe; iking'ang'ania iache. Usipige laminesheni na usitumie selotepu. Mimi huumia kweli ninapoona hati ya aina hii imefungiwa kwenye plastiki ya moto, kwa sababu hilo halirekebishiki. Zipige skani pande zote mbili. Nyuma ya kopi kunaweza kuwa na hesabu za kalamu ya risasi au jina la aliyezigawa. Tazama kama tarehe imeandikwa kwa siku na mwezi bila mwaka. Ikiwa hivyo, kalenda itakusaidia: ukipata "Jumatatu" na tarehe yake, unaweza kujua kama ni 1934 au mwaka mwingine.

Albamu nayo usiibandue. Kurasa nyeusi zina asidi, ni kweli, na watu watakushauri uhamishe picha. Lakini mpangilio alioupanga babu ni ushahidi wenyewe. Ukizitoa, hutajua tena ipi ilikaa karibu na ipi. Piga skani ukurasa mzima kwanza, kisha kila picha kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), uhifadhi kwa faili za TIFF, zisizopunguza ubora wa picha, halafu weka karatasi isiyo na asidi kati ya kurasa. Picha zilizo huru zigeuze nyuma. Picha rasmi za kampuni mara nyingi huwa na mhuri au namba ya negativu. Ukiipata namba ya aina hiyo umepunguza kazi ya mhifadhi wa Dearborn mno.

Yapo pia maandishi ya serikali, na haya familia nyingi huyasahau kwa sababu hayana neno "maonyesho" ndani yake. Sensa ya Marekani ya 1940 na ya 1950 zote ziko wazi mtandaoni bila malipo. Zinaonyesha kazi ya mtu na sekta aliyofanyia kazi. Ofisi ya Social Security, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa Marekani, kwa ada, humpa mrithi halali taarifa ya mapato ya marehemu ikitaja waajiri wake mwaka kwa mwaka. Ila makato ya mfuko huo yalianza Januari 1937. Kwa hiyo kama alikuwa Dearborn mwaka 1937 au baadaye, jina la Ford linaweza kutokea. Chicago ya 1934 haitaonekana humo, na kutokuonekana kwake hakukanushi kitu. Kama baada ya Rotunda aliingia kiwandani, na akawa humo baada ya 1941, mwaka ambao Ford ilikubali kuutambua umoja wa wafanyakazi wa magari, jaribu Maktaba ya Walter P. Reuther, Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, ambako karatasi za umoja huo zinatunzwa.

Kuhusu wifi na kuuza. Simlaumu, nyumba ya marehemu ina gharama. Lakini ukweli wa soko ni kwamba kijitabu cha banda la Ford na picha za wageni mbele ya gari zipo nyingi, na pesa yake kwa kawaida ni ndogo. Hasara ni kubwa: picha zikitawanyika kwa wanunuzi tofauti, albamu haiwezi kuunganishwa tena. Kama ni lazima muuze kitu, anzeni na vijitabu vilivyo viwili viwili. Beji msiisugue kabla ya kuuza wala kabla ya chochote.

Kubaki nalo au kulitoa? Ninaona njia tatu. Mnaweza kubaki nalo, mkiliweka chumbani na si darini wala ghorofa ya chini yenye unyevu, ambako joto na maji ya Michigan vitalimaliza. Mnaweza kulitoa lote kwa The Henry Ford. Au mkatoa zile karatasi za zamu na albamu, mkabaki na nakala nzuri pamoja na beji kwa ajili ya watoto. Kama ni mimi ningechukua ya tatu, kwa sababu watoto hushika beji, na watafiti husoma karatasi. Lakini jueni yafuatayo. Hifadhi inaweza kukataa, hasa vitu ambavyo tayari inavyo, na kukataa huko si dharau kwa babu. Ikikubali mtatia sahihi hati ya kukabidhi, na baada ya hapo mali si yenu tena. Someni sehemu ya hakimiliki kabla ya kusaini: picha alizopiga babu mwenyewe, haki yake huenda iko kwa warithi, na mnaweza kuomba kubaki na ruhusa ya kuzichapisha. Msiwaombe wao wawaambie thamani ya vitu kwa ajili ya kodi, hawaruhusiwi kumthaminia vitu mtoaji wao; tafuteni mthamini wa nje. Na kama ndugu hawajakubaliana nani mrithi wa vitu vya nyumba ile, mwoneni kwanza mwanasheria anayeshughulikia mirathi. Hifadhi haitapokea boksi lenye ugomvi.

Barua ya kwanza kwa Dearborn iwe fupi. Usiombe "kila kitu kuhusu" babu, maana swali la namna hiyo hujibiwa kwa sentensi mbili. Andika jina lake kamili, mwaka aliozaliwa, na kwamba familia inaamini alikuwa mwongoza wageni Chicago mwaka 1934 na kisha Rotunda kuanzia 1936. Ambatisha skani ya ratiba moja na picha moja yenye sare. Kisha uliza mambo matatu: kama kuna folda zinazohusu wafanyakazi wa banda la 1934, kama kwenye picha za 833 zipo za kundi la waongoza wageni, na kama Ford News za Mei hadi Novemba 1934 zinaweza kutazamwa. Taja kwamba mko tayari kwenda wenyewe. Chumba cha kusomea hupokea watu kwa miadi, na kutazama ni jambo moja, kupata kopi na ruhusa ya kuchapisha ni jingine lenye malipo yake, kwa hiyo uliza bei mapema kama unakusudia kuiweka historia hiyo kwenye kitabu.

Siku mtakayokwenda, mchukue mtu anayeijua sura ya babu ujanani, hata kama ni shangazi mzee anayetembelea fimbo. Omba picha kwanza, folda baadaye. Wewe utasoma majina, yeye atasoma nyuso, na kama picha ya kundi haina majina nyuma, jina moja analoweza kulitaja yeye kwa uhakika mhifadhi ataliandika kwenye kumbukumbu ya picha hiyo. Ratiba ya zamu iwe mkononi mwenu, kopi yake, si ile ya asili, mkilinganisha majina yaliyomo na kila orodha itakayoletwa mezani.